Uzio wa Bustani Usiotuvunjia Ujirani



Mvua ya Septemba iko karibu. Kila mmoja wetu anatafuta mbegu za lengalenga, za kabichi na za vitunguu, na wengine wameshaanza kulima. Lakini mnajua vizuri kwamba huku kwetu Kabare, majani yakianza kuota, mwenye bustani siye anayeyaona wa kwanza. Mbuzi amekwisha kuyaona. Nyuma yake anakuja kuku wa jirani na vifaranga vyake. Kwa hiyo mbele ya kusema juu ya mbegu, ninataka tuseme juu ya uzio, ama lupango kama wengi wetu tulivyozoea kuita.

Kuna jambo moja lililotokea karibu na kwetu ambalo linanifanya niandike. Mbuzi wa mama mmoja mjane alikata kamba, akaingia katika kabichi za mama mwingine. Zilibaki siku chache zipelekwe sokoni. Kijana wa mwenye kabichi alipofika na kukuta shina tupu, alichukua panga, akamkata mbuzi mguu. Mambo yalifika kwa shefu wa kijiji. Wakahesabu kabichi, wakahesabu mbuzi, kila upande ukalipa kitu kidogo, kila upande ukarudi na hasira. Mpaka leo wamama hao wawili hawasalimiani kwenye chemchemi. Mmoja akifika, mwingine anageuza bidoni yake upande.

Mimi ni mwalimu, na watoto wa nyumba zote mbili wamepita mikononi mwangu. Najua kilichokuwa ndani ya kesi ile. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari bado inalipwa. Mbuzi yule alikuwa pesa ya shule ya sekondari. Kabichi zile nazo zilikuwa pesa ya shule ya sekondari. Hakuna mama mbaya katika habari hii. Kulikosekana kitu kimoja tu katikati yao, na kitu hicho kingetengenezwa kwa fito na kamba za migomba.

Wengi wetu tukisikia neno uzio tunafikiri matofali, manjanja ya mabati au waya wenye miiba. Tunaangalia bei, tunaacha. Tunaweka matawi machache ya miiba pembeni, tunamwachia Mungu. Lakini uzio wangu umezunguka bustani ya mita 8 kwa 6, na kilichonunuliwa ni misumari peke yake. Nitawaeleza namna ulivyojengwa, kusudi kila mama achague kinachofaa kwake.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: udongo huu ni wa nani? Msicheke. Huku Bushi swali hilo linakuja mbele ya panga na jembe. Kama shamba ni la bwasa, yaani umelikodi kwa msimu au kwa mwaka, desturi haikuruhusu kupanda mti wala kitu chochote cha kudumu. Mti ni alama ya haki. Mama akipanda safu ya miti katika bwasa, mwenye udongo anaona kama anataka kumnyang'anya, na anaweza kumfukuza mbele ya kuvuna. Kama ni kalinzi, udongo ambao jamaa yenu ilipata kwa kudumu na watoto watarithi, hapo mnaweza kupanda. Hata hivyo, haki ya kalinzi mara nyingi inashikwa na wanaume wa jamaa, kwa hiyo mama aseme kwanza na baba wa watoto, au na wakwe kama ni mjane. Ni afadhali maneno ya jioni moja kuliko kung'olewa miche ya mwaka mzima.

Kwa hiyo kuna uzio wa aina mbili. Uzio mkavu, unaoweza kufungua na kuhama nao, unafaa kwa bwasa. Uzio wa miti inayoishi unafaa kwa kalinzi na kwa parseli ya nyumba yenu.

Tuanze na uzio mkavu. Kwa bustani ya mita 8 kwa 6 mzunguko ni mita 28. Ukiacha mlango wa mita 1, unabaki na mita 27. Nguzo zikiwa mbali mita moja na nusu, unahitaji nguzo 19. Tulitumia matawi ya mikaliptusi, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita 1 na sentimita 80. Sentimita 50 zinaingia ardhini, na juu inabaki mita 1 na sentimita 30. Mbuzi wetu wa kienyeji akiukuta uzio wa urefu huo, na haoni mahali pa kukanyaga, mara nyingi anaenda kutafuta kazi nyingine. Mchwa ndio adui wa nguzo. Wazee hupitisha kwanza kwenye moto ile sehemu itakayoingia ardhini, mpaka ngozi yake igeuke nyeusi kama makaa. Haizuii mchwa milele, lakini inawachelewesha.

Kwenye nguzo unafunga fito tatu za kulala: moja karibu na ardhi, moja katikati, moja juu. Halafu unasimamisha mashina ya bingobingo, moja kando ya lingine, ukiyapitisha mbele ya ufito mmoja na nyuma ya mwingine, kama anayefuma kitunga. Hiyo ndiyo siri ya nguvu yake: hata kamba ikikatika, shina linashikwa na wenzake. Bingobingo ikauke vizuri kwanza. Ukiisimika ikiwa mbichi na mvua ikaja, itatoa mizizi, na kama uko katika bwasa, mwenye udongo atasema umepanda.

Kamba ni za migomba. Chukua magamba makavu ya shina, yapasue, yaloweke katika maji kidogo mbele ya kufunga, maana makavu yanakatika ukiyakunja. Zitakutumikia msimu mmoja, halafu unabadilisha zilizooza. Misumari niliitumia kwenye pembe nne na kwenye mlango tu.

Kuna wanaopenda mianzi, na kweli inapendeza na inadumu. Lakini tuulize imetoka wapi. Kama ni mianzi iliyopandwa na mtu, nunueni. Kama imeshuka kutoka Parke ya Kahuzi-Biega, tuiache. Kukata ndani ya parke ni kosa, na mama akikamatwa na mzigo mgongoni, uzio wake utakuwa ghali kuliko wa matofali.

Sasa uzio unaoishi. Mti unaojulikana zaidi ni mnyaa, ule usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi. Mbuzi hautaki. Unakata vipande vya urefu wa mkono, unaviacha kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, halafu unapanda mwanzoni mwa mvua, sentimita 20 kati ya kipande na kipande. Panda safu mbili, za pili zikikaa mbele ya nafasi za kwanza. Usitegemee kwamba utafunga nafasi katika miezi mitatu. Katika mwaka wa kwanza unahitaji bado uzio mkavu wa kuulinda. Lakini ukisha kushikana, kazi yako inabaki kupunguza tu.

Hapa nasema kama mwalimu na kama mama: utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho. Unachoma, na unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Unapoukata vaa mikono mirefu, usijipanguse uso, na watoto wakae mbali. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, halafu nenda kituo cha afya bila kungoja kesho. Nyumba yenye watoto wadogo wanaoanza kutembea ichague kitu kingine.

Na vitu vingine viko. Kuna drasena, ile yenye majani marefu ambayo watu wengi hupanda kwenye mipaka. Kipande cha shina lake kinashika bila taabu. Kuna tithonia, yale majani machungu yenye maua makubwa ya manjano yanayojaa kando ya barabara zetu zote. Shina lake ukilisimika wakati wa mvua linachipuka. Mbuzi mwenye njaa ataionja, kwa hiyo haitoshi peke yake. Lakini inakua haraka, na majani yake ukiyakata na kuyafukia udongoni yanakuwa mbolea nzuri sana ya kabichi. Ni uzio unaokulisha bustani. Kuna pia erithrina, mti wenye maua mekundu na miiba midogo: tawi lake nene ukilisimika kama nguzo linaota na kuwa nguzo isiyooza.

Kitu kimoja tusikipande upande wa nje: leusena na kaliandra. Ni miti mizuri, inatajirisha udongo, lakini mbuzi anaipenda kama mtoto anavyopenda muwa. Ukiipanda nje umemwalika. Ipande ndani, mahali shingo yake haifiki.

Kuku ni kesi nyingine. Kuku hasumbuliwi na uzio wenye nafasi, anapita chini. Kwa hiyo sentimita 50 za chini lazima zifungwe sana, mashina yabanane, na mguuni pa uzio uweke mawe au udongo ulioshindiliwa. Kama ni wako mwenyewe na anaruka, kata manyoya marefu ya bawa moja tu. Akiruka atapinda upande na kuanguka, na haumii. Kitalu cha miche kifunike kwa matawi ya miiba au kitunga kilichotoboka. Nimeona mahali watu wanafunika kwa chandarua. Kama chandarua kimechakaa kabisa, sawa. Lakini chandarua kizima kazi yake ni kumlinda mtoto na malaria, na kuku asiibe nafasi ya mtoto.

Mlango nao tusiusahau, maana uzio ni wenye nguvu kama mlango wake. Wangu ni fremu ya fito nne na moja ya kupita pembe kwa pembe kusudi usilegee. Bawaba ni vipande vya mpira wa gari wa zamani vilivyopigiliwa misumari. Kufuli ni pete ya kamba inayovishwa juu ya nguzo. Mtoto wa miaka sita anaweza kuifungua, mbuzi hawezi.

Kuhusu uzuri, wengine husema uzuri ni wa matajiri. Mimi sikubali. Bustani inayopendeza inaheshimiwa. Watoto hawatupi takataka ndani yake, na wapita njia hawaikatizi. Ukipanga mashina, vuta kamba juu na ukate yote sawasawa. Kazi hiyo moja inabadilisha sura yote. Ukitaka, fuma kwa mshazari kama mapambo ya kitunga. Kwenye pembe panda haibiskasi au bugenvilia, zote zinashika kwa vipande. Juu ya nguzo zenye nguvu pandisha marakuja au shushu, na upande wa jua maharagwe ya kupanda. Angalia tu uzito: shushu mbili zinatosha kuangusha uzio mkavu mvua ikizidi.

Sasa nirudi kwa jirani, maana uzio usipomfikiria yeye, umefanya nusu ya kazi. Nyuma ya parseli yangu anakaa mama anayefuga mbuzi wanne. Hana shamba la majani. Tulipokuwa tunapima nilimwita, nikamwonyesha kamba inapopita, naye akaleta kijana wake kushika upande wa pili. Kwa sababu udongo wetu ni wa mteremko, ndani ya uzio, upande wa chini, tulipanda safu ya bingobingo mbichi inayokata mteremko. Mizizi yake inashika udongo, na mvua haishuki tena na mboji yangu mpaka barabarani. Bingobingo ikifika kifuani naikata, ninafunga mafungu, ninampa. Yeye anawalisha mbuzi wake wakiwa wamefungwa, na kila baada ya muda analeta kifuko cha mbolea yao. Ninairundika mpaka ipoe, halafu inaingia chini ya lengalenga. Mbuzi wale wale waliokuwa wanaiangalia bustani yangu kwa jicho baya, leo ndio wanaoilisha.

Tulipatana pia juu ya msimu. Tangu kupanda mpaka kuvuna, mbuzi wanafungwa au wanachungwa na mtu, na mwenye bustani anaangalia uzio wake kila Jumamosi. Mbuzi akiingia kwa sababu kamba ilikatika, mwenye mbuzi anajibu. Akiingia kwa sababu uzio ulikuwa wazi, mwenye bustani anajibu. Tuliandika maneno hayo katika daftari ya shule, kila mmoja akaweka jina lake. Hakuna aliyetumia karatasi ile kumshitaki mwenzake. Lakini ipo, na kila mmoja anajua mwingine aliahidi nini.

Kuna swali ambalo wamama wajane wataniuliza, na wana haki: nani atachimba mashimo? Kwetu wanasema uzio ni kazi ya wanaume. Kwangu baba wa watoto alichimba, na wavulana wakakata nguzo. Lakini asiye na mwanaume nyumbani asiachwe na bustani wazi kwa sababu ya desturi. Nguzo 19 ni mashimo 19 ya kina cha sentimita 50. Mama mmoja akichimba peke yake, ataugua mgongo. Wamama kumi, kila mmoja mashimo mawili, wamemaliza mbele ya saa nne asubuhi.

Tunajua salongo tangu utoto. Tumefagia barabara nayo, tumezibua mifereji nayo. Kwa nini tusifanye salongo ya nyuzio? Kikundi cha wamama kumi kinachukua Jumamosi kumi, bustani moja kila Jumamosi, kikianza na wajane na wanaonyonyesha. Kila mmoja anakuja na fungu moja la bingobingo kavu na kamba za migomba. Misumari inaweza kutoka katika mfuko wa AVEC kama deni dogo, na inarudishwa na mauzo ya kwanza ya lengalenga. Ni deni ambalo mama yeyote anaweza kulipa.

Faida yake haihesabiwi kwa majani peke yake. Mama asiyekimbia kila saa kufukuza mbuzi anapata muda. Mtoto, hasa binti, hakai nyumbani kulinda bustani. Darasani kwangu, miezi ya kupanda, nilizoea kuona viti vitupu. Nikiuliza, wenzao wananijibu: «Mwalimu, amebaki kulinda.» Mtoto wa kulinda kabichi! Uzio ukisimama mahali pake, mtoto anarudi kwenye kiti chake.

Basi, wamama, wiki hii tufanye mambo matatu tu. Tupime bustani kwa hatua na kuhesabu nguzo. Tuulize juu ya udongo, kama ni bwasa au kalinzi, tujue aina ya uzio. Na tumwite jirani mwenye mbuzi, aone kamba itapita wapi, mbele shimo la kwanza halijachimbwa. Bingobingo ikatwe sasa, wakati jua lingali kali, ikauke. Vipande vya mnyaa na vya drasena vingoje mvua ya kwanza.

Na wale wamama wawili wa chemchemi, wote ni wa chama chetu. Nimependekeza kwa wasimamizi wa kikundi kwamba Jumamosi ya kwanza ya salongo tuanzie mpakani mwa nyumba zao. Sitawaambia wasalimiane. Lakini kazi ya kufuma uzio inataka mtu mmoja upande huu na mwingine upande ule: mmoja anasukuma shina, mwingine analipokea na kulirudisha. Mikono yao itakutana mara nyingi asubuhi hiyo.

Kazi njema, na msimu mwema kwa kila nyumba.